Troti ndefu: farasi wangu anakimbia badala ya kurefusha hatua

saisi_wa_karen

Habari zenu wadau. Mimi ni saisi huku Karen, Nairobi, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nimefagia mabanda, nimekesha na farasi wa tumbo la kusokota mpaka jogoo akawika, lakini kupanda kwa mashindano ni jambo la juzi. Madam aliniona nikimpasha farasi wake joto mwaka jana akasema nina mkono mtulivu, kwa nini nisishiriki. Basi nikaazimwa koti, nikaazimwa kofia. Buti ni zangu.

Farasi anaitwa Simsim. Ni thorobredi wa kahawia, amehasiwa, ana miaka 8. Alikimbia pale uwanja wa mbio wa Ngong misimu mitatu bila kushinda hata mara moja, kisha wenyewe wakamchoka akaja kwetu. Hana teke, hana jino, ukimfungia mlango vibaya usiku unamkuta asubuhi amesimama hapo hapo akikungoja. Mwendo wa hatua ni mzuri, kanta (mbio nyepesi) nzuri. Tatizo ni troti, mwendo ulio kati ya hiyo miwili.

(Naandika troti kwa sababu ndivyo tusemavyo bandani. Mwalimu wangu wa Kiswahili darasa la saba alitufundisha kwamba neno lenyewe ni matiti, farasi "huenda matiti". Sasa nikija humu kuuliza jinsi ya kurefusha matiti mtanifukuza.)

Mwezi jana tulikwenda mashindano ya dresaji, yale ya kuonyesha miendo ya farasi mbele ya jaji. Karatasi ya maagizo inasema ukifika K unakata uwanja kupitia X hadi M huku unaonyesha kurefusha hatua katika troti (herufi ni alama za uwanjani, X ni katikati). Nikageuka K, nikabana miguu, nikamwambia haya twende. Akaenda kweli. Shingo ikashuka, uzito wote ukaja mikononi kana kwamba nimebeba debe la maji kila mkono, miguu yake ikawa ta-ta-ta-ta kama cherehani ya fundi wa mtumba, na hatujafika X akaingia kanta. Jaji akanipa 4 kwa 10. Aliandika maneno mawili tu: anakimbia, harefushi.

Tangu siku hiyo nimejaribu yafuatayo. Kumgusa na fimbo ndefu nyuma ya mguu wangu: anakimbia zaidi. Kumpigia ulimi: anakimbia zaidi, na farasi wa jirani nao wanakimbia. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia vuta hatamu kwa nguvu na upige teke kwa nguvu, vyote pamoja, farasi atakosa pa kwenda ila juu. Alikwenda juu kweli. Nilikaa kwa bahati. Siku hizi nikimsukuma nasikia pia chuma kikigonga chuma chini, kling, kling, lakini nadhani hilo ni la kawaida kwa farasi mwenye haraka.

Uwanja wetu wa nyumbani ni ule mdogo, 20 kwa 40, wa mchanga. Mashindano yanayofuata ni wiki saba kutoka leo. Maswali ni mawili. Farasi anafundishwaje kurefusha bila kukimbia? Na la pili ndilo linalonisumbua zaidi: nikiwa juu ya tandiko nitajuaje? Maana nikiwa pale juu vyote viwili nahisi ni upepo tu masikioni.

MwanaTanga_Verden

Kaka saisi, pole na hongera kwa mkupuo mmoja. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Ujerumani kaskazini karibu na Verden, mwanagenzi wa kazi za farasi, mwaka wa pili. Hapa mji mzima unanuka farasi wa Hanover, wanauzwa kwa mnada kama sisi tunavyouza mbuzi, bei tu ndiyo tofauti.

Kwanza nikutulize. Karatasi yako haikuomba troti ndefu. Iliomba hatua chache za kurefusha, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Katika dresaji kuna troti ya kazi, hiyo mnayopanda kila siku; kuna iliyokusanywa, ya hatua fupi na uzito nyuma; kuna ya kati; halafu ndipo ije ndefu, ambapo farasi anachukua ardhi yote anayoiweza. Ile ya mwisho huwezi kuipata kwa farasi ambaye hajajua kukusanyika. Ni kama mtu anayetaka kuruka mtaro mpana: lazima kwanza apinde magoti. Wewe umemwambia Simsim aruke akiwa amenyoosha miguu.

Pili, huyo ni wa mbio. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba mpanda akikaza hatamu, hiyo ndiyo ishara ya kuegemea lijamu na kuongeza kasi. Sisi tukikaza tunamaanisha ngoja. Kwa hiyo pale K ulipobana miguu na kushika, umemwambia kwa lugha yake ya zamani: mstari wa mwisho huo, nenda. Alikutii, mwenzangu. Usimkasirikie.

Sasa swali lako la pili, maana ndilo zuri. Hesabu. Ukiwa unainuka na kukaa katika troti, kila unapoinuka ni hatua moja kamili. Uwanja wa 20 kwa 40, kutoka herufi K hadi herufi H ni mita 28. Farasi wa kimo cha kawaida katika troti ya kazi hupiga hatua ya karibu mita 2.7, basi utainuka mara 10 au 11. Akirefusha kweli, hesabu inashuka, tuseme 9, *na mdundo unabaki uleule*. Akikimbia, hesabu inabaki 11, ila unafika H mapema. Imba kitu kichwani chenye mapigo mawili. Mimi huimba wimbo wa chekechea. Ukiona wimbo umekushinda kasi, ujue ni cherehani imerudi.

Njia ya pili: asubuhi, mchanga ukishapigwa reki, pita mara moja tu upande mrefu, shuka, tazama nyayo. Katika troti ya kazi ukwato wa nyuma unakanyaga pale ulipotoka wa mbele. Akirefusha, wa nyuma unapita mbele ya alama hiyo. Ukikuta wa nyuma umeishia nyuma ya alama, basi ulichokuwa nacho ni kelele.

Na kufundisha: achana na mshazari wa K hadi M kabisa. Mwalimu wangu hapa alinipiga marufuku miezi miwili. Fanya hivi. Upande mfupi, duara la mita 10 kwenye kona. Utamsikia anakaa nyuma kidogo, mabega yanainuka. Toka kwenye duara, mnyooshe, mwachie hatamu kadiri ya upana wa vidole viwili, sio kumtupia, na umwombe hatua 4. Nne tu. Kabla hajaegemea, rudisha troti ya kazi kwa kiuno chako kwanza, mkono baadaye. Msifu. Hatua hizo 4 akizitoa bila kubadili mdundo kwa wiki nzima, omba 6. Anayejifunza kurudi ndiye atakayejifunza kwenda.

FundiKwato

Nimesoma yote, vijana mmesema vizuri, lakini nyote mmeipita hiyo kling kama gari la mchana.

Saisi, nimepiga viatu vya farasi Naivasha na Gilgil miaka ishirini na kitu, polo na mbio. Chuma kugonga chuma si "kawaida kwa farasi mwenye haraka". Maana yake kidole (ncha ya mbele) cha kiatu cha nyuma kinafika kabla mguu wa mbele haujaondoka. Ama uzito umelala mbele, ama ukwato wa mbele una kidole kirefu unachelewa kuinuka, ama vyote. Na hawa wa mbio huja hivyo hivyo: kidole kirefu, kisigino kimelala chini. Nijibu mambo matatu. Alipigwa viatu lini mara ya mwisho? Ukimwangalia kwa ubavu, mstari wa mbele wa ukwato unaendelea na mstari wa mfupa wa juu yake au umevunjika? Na ukipitisha vidole mgongoni nyuma ya tandiko, anazama?

saisi_wa_karen

Mzee shikamoo. Nimetoka bandani sasa hivi na tochi. Viatu ni wiki ya tisa. Fundi wetu alisafiri, madam akasema tungoje. Mstari umevunjika, nimeona hata mimi. Mgongo anazama kidogo upande wa kushoto, kulia hapana.

FundiKwato

Marahaba. Wiki tisa! Sita, saba ukichelewa. Basi usimwombe farasi urefu wowote mpaka avaliwe viatu upya. Mwambie fundi apunguze kidole na amrudishie kisigino pole pole, asikate yote siku moja kwa kutaka kusahihisha miaka mitatu. Mgongo mwite daktari aangalie, na tandiko pia. Upande mmoja tu ukizama mara nyingi ni tandiko au ni namna mpanda anavyokaa. Wewe unakaa sawa?

BintMuscat

Asalaam aleikum. Nami nichangie kidogo, japo farasi wetu ni Waarabu na troti yao ni vituko vya peke yake: mkia juu kama bendera, kichwa juu, puani moto, na anakwenda hewani kwa raha zake mwenyewe. Watu wa mitaani wanapiga makofi. Mjomba ana shamba upande wa Barka, huku Oman, nimekulia huko, nikadhani hiyo ndiyo troti ndefu mpaka mwalimu mmoja mgeni alipokuja akaniambia: binti, huyo anarusha mikono (yaani miguu ya mbele), miguu ya nyuma iko wapi?

Tangu siku hiyo nikiangalia picha naangalia nyuma. Kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, zinasema kwato za mbele ziguse ardhi pale zinapoelekeza, na miguu ya mbele na ya nyuma ifunguke sawa. Farasi anayenyoosha mkono mbali halafu akaurudisha nyuma kabla ya kukanyaga amekudanganya. Hata Totilas, yule farasi aliyechukua dhahabu tatu kwenye mashindano ya dunia kule Kentucky mwaka 2010 akipandwa na Edward Gal, watu walibishana hivyo hivyo juu ya picha zake: mkono uko juu mbinguni, mguu wa nyuma haujalingana nao. Wengine wakalia kwa uzuri wake, wengine wakanuna. Mimi nililia na kununa.

Kwako saisi: angalia mwili wako pale K. Nakuona kama nakuona. Unaegemea nyuma, unainua mikono, unajifunga pumzi. Sote tunafanya. Ukifanya hivyo mgongo wake unabonyea, na mgongo ukibonyea mguu wa nyuma hauna pa kupita. Inuka katika troti, usikae. Huyu hajawa na mgongo wa kukubeba umekaa. Toa pumzi ukigeuka.

Na sikubaliani na kaka wa Verden kwamba aanze na duara na hatua nne. Farasi wa mbio akili yake ni mstari. Mwekee fito chini. Fito 4, nafasi ya mita 1.3, aende mwenyewe bila wewe kumwomba chochote. Akizipita kwa utulivu siku kadhaa, panua sentimita 5, kisha 5 nyingine. Fito zinamfundisha kunyoosha bila mtu yeyote kumkaza hatamu, ndipo hataikumbuka Ngong yake.

Halafu hiyo "matiti" nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Bibi yangu, mtu wa Unguja, kwa punda alisema *telki*. Punda wa bwana fulani anakwenda telki. Lichukueni hilo, halina aibu.

MwanaTanga_Verden

Dada, fito sizikatai, ila si kwa farasi mwenye kidole kirefu wiki ya tisa. Atajigonga, atang'oa kiatu, na saisi ndiye atakayeulizwa. Na mita 1.3 ipime kwa futi, usikadirie kwa hatua zako, saisi. Rafiki yangu alikadiria.

FundiKwato

Msigombane. Viatu kwanza.

saisi_wa_karen (wiki ya nne)

Wakubwa, narudi kutoa ripoti. Sikunyamaza kwa kiburi, nilisubiri niwe na la kusema.

Fundi alirudi akampiga viatu siku ile ile niliyomwonyesha madam maneno ya Mzee FundiKwato kwenye simu. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Daktari alipata misuli ya kushoto imekaza, hakuna la kutisha, siku tano za kutembezwa kwa mkono na kuchuliwa. Tandiko lilikuwa na upande mmoja uliosinyaa, pamba imejikunja. Na swali la Mzee, kama mimi nakaa sawa: hapana. Nilimwambia kijana wetu asimame nyuma yangu apige video. Kikuku changu cha kulia, kile cha kukanyagia kwenye tandiko, kiko chini kuliko cha kushoto kwa tundu moja, na nimepanda hivyo sijui tangu lini. Nimekuwa nikimkalia kushoto muda wote huo. Niliomba radhi kwa Simsim kwa karoti.

Kling ilikufa katika troti ya kazi tangu siku ya pili. Nikimsukuma bado ilirudi mara moja moja, basi nikaacha kumsukuma.

Nilianza na kuhesabu. Siku ya kwanza K hadi H: 11. Nikasema sasa ngoja nimwombe kidogo: 11, ila upesi. Nikacheka peke yangu kule juu, maana kaka wa Verden alikwisha kulisema. Nikapita tena juu ya mchanga uliopigwa reki, nikashuka kutazama, na ukwato wa nyuma ulikuwa umeishia nyuma ya ule wa mbele kwa vidole viwili. Hii ni siku niliyodhani anaruka kama swala! Ningeapa mbele ya kadhi kwamba amerefusha.

Kisha nikafanya ya wote wawili, msinigombeze. Jumatatu na Alhamisi fito za dada, zilizopimwa kwa futi ya seremala, 1.3. Siku nyingine duara na hatua nne. Jumamosi hutoka naye kwenda msituni, na kuna kilima kidogo ambacho nampandisha kwa troti, sifanyi lolote, naachia tu shingo. Kwenye fito alijikwaa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu akashusha kichwa, akazitazama kama mtu anayehesabu ngazi gizani, akazipita zote nne bila kugusa. Sasa ziko 1.4.

Duara ndilo lililonipa shida. Sio yeye, mimi. Nikitoka kwenye duara mkono wangu unataka kushika. Miaka kumi na moja ya kuongoza farasi kwa kamba, mkono umejifunza kwamba farasi akienda, shika. Dawa niliyoipata ni kufunga kipande cha kamba ya nyasi za boma shingoni mwake, na pale ninapoomba zile hatua nne, kidole kimoja kinashika kamba hiyo. Hatamu haziwezi kurudi nyuma tena. Sijui kama Ujerumani wanaruhusu.

Wiki iliyopita hesabu ikawa 10. Na wimbo wangu haukuharibika. (Siwaambii ni wimbo gani, ila una mapigo mawili na unaimbwa harusini kwetu.) Nilidhani nimekosea kuhesabu, nikarudia: 10. Upande wa pili, M hadi F, bado 11, pale anapinda kidogo na mimi najua kisa ni kile kikuku.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijapiga mchanga, tulitoka duara la kona ya K, nikatoa pumzi kama alivyosema BintMuscat, nikafungua vidole. Sikusikia upepo. Hilo ndilo jibu la lile swali langu la pili, nitajuaje. Nilisikia kimya, halafu kitu kikubwa kikinisukuma kutoka chini ya tandiko, polepole, kana kwamba ameongeza muda katikati ya kila pigo. Nikainuka mara 9. Nikashuka mbio kwenda kutazama. Wa nyuma umepita wa mbele kwa shibiri moja kasoro, hatua baada ya hatua, sita mfululizo, kisha zinarudi kuwa za kawaida.

Imetokea mara moja tu. Mara ya pili alikimbia, ya tatu 10. Nikamfunga, nikampa maji.

MwanaTanga_Verden

Kamba ya shingoni hapa ipo, wanafunzi wote wanaanza nayo. Umeigundua upya mwenyewe ndani ya banda la Karen. Ulipopata 9 ungeshuka hapo hapo, usirudie. Kesho usiombe kabisa, keshokutwa omba mara mbili.

BintMuscat

Maashallah. Madam kaona?

saisi_wa_karen

Hajarudi, yuko mjini hadi jioni. Nimewaambia vijana upande wa K hadi H leo usipigwe reki, na mbwa wafungwe.